Machungwa Matatu Yaliyokataa Kuviringa

Picha ilikuwa kwenye hadibodi ya sentimita 40 kwa 50. Machungwa matatu, moja limemenywa na ganda lake linaning'inia ukingoni mwa meza. Ndizi kisukari mbili. Sahani nyeupe ya bati yenye ukingo wa bluu. Na chini ya vyote kitambaa cheupe cha pamba kiitwacho marekani. Aliyeichora ni kijana wa Dar es Salaam aliyelelewa na uchoraji wa Tingatinga, mtu anayeishi kwa brashi na ambaye tembo na ndege wake wanauzika. Mwenye mgahawa mmoja alimwagiza picha ya matunda ya kutundika karibu na meza za chakula, kwa sharti kwamba ifanane na matunda ya kweli. Kijana akanunua rangi za mafuta za wasanii, zile za tyubu, akachora, akapeleka. Mteja akaitazama, akasema ni nzuri, kisha akaongeza kwamba machungwa ya namna hiyo hajawahi kuyaona sokoni.

Picha ikarudi, na kijana akaja nayo kwangu. "Mwalimu, mkono haujawahi kuniangusha. Hapa nimekosea wapi?"

Nakieleza kisa hiki kwa kirefu kwa sababu huyu hakuwa mwanagenzi. Wengi wanaoanza rangi za mafuta wana matatizo ya mkono: mstari unatetemeka, rangi inachafuka, brashi inashikwa karibu mno na nywele zake. Yeye mkono wake umeiva. Karibu kila kosa lililokuwa kwenye ile hadibodi lilitokana na jambo analolijua vizuri, na makosa ya aina hiyo ni magumu kuyang'oa, maana mwenye nayo huyahesabu kuwa ndiyo ufundi wake.

Alichokuja nacho

Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, akitumia rangi za kung'aa za dukani juu ya hadibodi. Alifariki mwaka 1972, lakini wanafunzi wake, na wanafunzi wa wanafunzi wake, wameuendeleza mtindo huo mpaka leo. Namna ya kazi inajulikana. Usuli, yaani eneo lililo nyuma ya umbo, hupakwa kwanza, rangi moja au mbili zilizopatanishwa. Umbo la mnyama hujazwa rangi, kisha hufuata mistari, madoa na nukta. Mchoraji hamtazami mnyama aliyesimama mbele yake, anamtoa kichwani. Mstari wa nje ndio unaomtenga mnyama na usuli, na ukikosekana picha nzima hulegea. Rangi inakauka upesi, kwa hiyo tabaka hufuata tabaka bila kungoja sana.

Huo ni ufundi kamili wenye sheria zake, na sina nia ya kuushusha hadhi. Ila mteja aliagiza kitu chenye sheria nyingine: taa moja, upande mmoja, na vitu vilivyopo kweli mezani. Nilipomuuliza kijana alikuwa akitazama nini wakati anachora, alishangaa swali lenyewe.

"Machungwa nayajua tangu utotoni, mwalimu. Nitazame ya nini?"

Nikamtuma sokoni Buguruni akanunue matunda yaleyale aliyoyachora. Aliporudi tukayapanga mezani kama yalivyokuwa kwenye picha, tukaisimamisha picha pembeni yake, na jambo la kwanza aliliona mwenyewe kabla sijafungua mdomo. Machungwa ya mezani yalikuwa ya kijani.

Machungwa mengi yanayoliwa Dar es Salaam hutoka Muheza na sehemu nyingine za mkoa wa Tanga. Ganda la chungwa hupoteza ukijani wake pale usiku unapokuwa wa baridi. Baridi ndiyo huifanya klorofili, ile inayolipa ganda ukijani, ivunjike, na rangi ya njano na nyekundu iliyokuwa imejificha ikajitokeza. Pwani haina baridi ya kutosha kwa kazi hiyo. Tunda linaiva, linajaa maji na utamu, huku nje limebaki kijani, pengine na mabaka ya njano na makovu ya kahawia. Kijana amekula machungwa hayo maisha yake yote. Hata hivyo, alipokaa kuchora, alipaka ile rangi ya moto iliyo kwenye paketi za juisi na kwenye picha za ukutani za shule za chekechea. Mwenye mgahawa, anayeyanunua kwa magunia, alikuwa na haki ya kuyakana.

Dirisha la kaskazini

Tungeweza kurekebisha rangi ya machungwa palepale na picha ingebaki mbovu. Kila chungwa lilikuwa na doa jeupe mahali palepale, juu kushoto, limegongwa kama muhuri wa ofisi. Kivuli cha sahani kilianguka kulia, cha ndizi kikaanguka kushoto. Chungwa la nyuma halikuwa na kivuli kabisa, likawa linaelea. Mtazamaji wa kawaida hawezi kuyataja makosa hayo, lakini macho yake huyahisi na kukataa kuamini.

Vitabu vya uchoraji vilivyoandikwa Ulaya hushauri ufanyie kazi kwenye dirisha linalotazama kaskazini, kwa kuwa huko jua halipiti upande huo na mwanga wake hautikisiki. Ushauri huu unanakiliwa huku kwetu bila kuhojiwa. Dar es Salaam iko takriban digrii 7 kusini mwa ikweta. Mwezi Juni, jua la adhuhuri linasimama upande wa kaskazini, kama digrii 30 kutoka utosini, na linaingia moja kwa moja kwenye dirisha lako la kuaminika. Desemba linahamia kusini. Hakuna upande mmoja wa nyumba unaofaa mwaka mzima. Ilikuwa Juni, na dirisha langu la kazi linatazama huko huko kaskazini. Kabla hatujamaliza kupanga matunda, ufito wa jua ulikuwa umeshapanda kwenye sahani na unasogea. Mwanafunzi anayechora chini ya mwanga kama huo hukimbiza vivuli tangu asubuhi hadi jioni, na kila kivuli anachokipata ni cha saa yake.

Tukafunga pazia. Balbu moja ya LED yenye mwanga mweupe, ile inayoandikwa kelvini 6500, tukaiweka ndani ya boksi la katoni lililokatwa upande mmoja ili mwanga usitapakae, tukaliinua juu kushoto mwa meza. Taa nyingine ndogo ikaelekezwa kwenye ubao wa kuchorea tu. Umeme ukikatika kazi inalala. Hilo ndilo tatizo la mpango huu, na katika siku zile ulikatika mara kwa mara.

Vyeupe vitatu

Hapa ndipo kiini cha kisa kilipo.

Mezani kulikuwa na vitu vitatu vinavyoitwa vyeupe. Sahani. Kitambaa cha marekani. Na lile chungwa lililomenywa: wachuuzi wa Dar es Salaam huliondoa ganda la juu kwa kisu kwa kulizungusha, wakaacha utando mweupe umelifunika tunda. Kwenye picha ya kwanza vyote vitatu vilipakwa nyeupe ya titani, moja kwa moja kutoka kwenye tyubu. Kisha mchoraji akataka kuweka mng'aro wa taa kwenye ukingo wa sahani. Akaweka, haukuonekana. Akaongeza, ukawa donge. Alikuwa ameshaamua kwamba duka limemuuzia rangi dhaifu.

Nyeupe ya titani ndiyo mwisho wa weupe alio nao mchoraji. Juu yake hakuna kitu. Tena weupe huo wenyewe hautoi mwanga. Unarudisha tu mwanga wa chumba kilimotundikwa picha, ilhali mng'aro kwenye bati ni taa yenyewe inayokupiga machoni. Njia pekee ya kuufanya ung'ae ni kuvishusha vingine vyote chini yake. Ukimaliza weupe wako kwenye kitambaa, sahani itang'aa kwa kitu gani?

Kueleza hivyo kwa maneno hakukusaidia. Nilichukua kipande cha karatasi ngumu ya kijivu nikakitoboa tundu dogo, nikamwambia afunge jicho moja na kutazama kupitia tundu. Kwanza kitambaa, pale kivuli cha sahani kinapoangukia. Halafu upande wa chungwa la kijani unaopigwa na taa. Kipi kina giza zaidi?

"Kitambaa," akasema. Akaiondoa karatasi, akatazama kwa macho mawili, akairudisha. Akacheka. "Lakini hicho ni cheupe, mwalimu!"

Ndivyo kila mtu anavyosema. Macho yanajua kwamba marekani ni nyeupe, hivyo huifuta giza iliyo juu yake kabla habari haijamfikia mchoraji. Tundu linakikata kitambaa kutoka kwenye ukitambaa wake. Kinachobaki ni kipande cha rangi ya kijivu-kahawia, na hicho hakidanganyi. Wachoraji hukiita kiasi hicho cha giza au weupe, bila kujali ni rangi gani, toni. Chungwa la kijani na ndizi ya njano na kitambaa cheupe vinaweza kuwa na toni moja, na kitambaa kimoja kinaweza kuwa na toni nne.

Tulichanganya ngazi tano, kutoka nyeupe tupu hadi kahawia iitwayo amba iliyochomwa, tukazipaka kwenye ufito wa kadi. Kijana akawa anausogeza ufito karibu na kila kitu mezani, macho ameyafinya mpaka kope zinakaribiana. Kufinya macho kunaondoa vijambo vidogo na kuacha mafungu makubwa ya mwanga na giza. Ni zoezi la bure, na sijui la manufaa zaidi yake. Matokeo yalimshangaza. Ngazi ya kwanza, nyeupe tupu, ilipata sehemu moja tu kwenye meza nzima: ule mng'aro wa ukingo wa sahani, mdogo kuliko punje ya mchele. Sahani yenyewe upande wa taa ilikuwa ngazi ya pili, sawa na utando wa chungwa lililomenywa. Kitambaa kwenye mwanga kilikaa kati ya pili na tatu. Kijani chenye mwanga, tatu. Kitambaa kivulini, nne. Ngazi ya tano, giza lenyewe, ilikuwa ule mwanya mwembamba ambapo chungwa linagusa kitambaa na mwanga hauingii kabisa.

Ule mwanya haukuwepo kabisa kwenye picha ya kwanza, na kwa sababu hiyo matunda hayakuwa na uzito.

Picha ya vumbi

Tuliiacha hadibodi ya kwanza, tukapaka nyingine praima ya akriliki, yaani rangi ya msingi, na kuishusha weupe wake kwa kahawia hafifu. Sharti langu lilikuwa moja: picha yote ichorwe kwanza kwa amba iliyochomwa peke yake, imeyeyushwa kwa tapentaini, na mwanga upatikane kwa kufuta kwa kitambaa. Amba ina manganizi ndani yake, na manganizi huharakisha kukauka, kwa hiyo inafaa kwa tabaka la chini. Kijana hakulipenda sharti hilo. Mtu aliyezoea nyekundu na turkisi akiambiwa achore kwa kahawia moja huona ananyimwa chakula. "Hii ni picha ya vumbi," alisema, na hakukosea.

Sahani ilisumbua kidogo. Aliichora na ncha mbili kali kushoto na kulia. Duara linalotazamwa kwa mshazari halina kona popote. Mpindo unazunguka wote, mkali pembeni, mlegevu mbele na nyuma. Nilimwambia aigeuze hadibodi juu chini, akaliona kosa papo hapo, akalirekebisha. Mkono wake ulipojua unatafuta nini, haukuhitaji kuambiwa mara mbili.

Mviringo wa chungwa ulichukua muda zaidi. Upande wa taa. Halafu nusu-kivuli ambapo uso wa tunda unageuka. Halafu ukanda wa giza kuu. Halafu, chini kabisa, mwanga dhaifu unaorudi kutoka kwenye kitambaa na kuulamba upande wa kivuli. Huo mwanga wa kurudi alipouona mara ya kwanza alifurahi mno. Alikuwa hajawahi kuutambua kwenye tunda lolote. Basi akaupaka kwenye machungwa yote matatu kwa bidii, mpaka kila moja likawa na mkanda mweupe ukingoni na kuonekana limetengenezwa kwa shaba.

Nilitazama kwa muda kabla ya kuelewa kilichotokea. Nilikuwa nimemkataza mstari wa nje. Sasa mstari ulikuwa umerudi kwa mlango wa nyuma, umevaa nguo ya mwanga wa kurudi. Alihitaji kitu cha kulitenga tunda na usuli, na hicho ndicho alichokipata. Kanuni inayomwokoa mtu hapo ni fupi: hakuna sehemu ya kivuli, hata ile inayorudishiwa mwanga, inayoweza kuwa na mwanga kuliko sehemu yoyote iliyo upande wa taa. Akaushika ufito wake wa ngazi tano, akapima, akafuta kwa kitambaa.

Kwenye hatua hii nilimwonyesha picha ya kikapu cha stroberi za mwituni ya Mfaransa Jean Siméon Chardin, ya mwaka 1761. Nilitaka aone jambo moja. Stroberi ni nyingi, lakini Chardin alichora kwanza rundo, umbo moja lililochongoka lenye upande wa mwanga na upande wa kivuli, na ni chache tu zilizopewa sura ya peke yake. Machungwa yetu matatu yalikuwa yanakaa hivyo hivyo: vivuli vyao viliungana na kivuli cha sahani, vikafanya pande moja la giza. Kwenye picha ya kwanza kila chungwa lilikuwa na himaya yake.

Kijani cha Muheza na njano ya kisukari

Picha ya vumbi ilipokauka tulianza rangi, na hapa nilimnyang'anya tyubu ya kijani. Kijani cha tyubu kina nguvu isiyopatikana kwenye ganda la tunda. Kinaonekana cha plastiki hata ukikipunguza. Chungwa la Muheza ni kijani kizito chenye uchafu ndani yake, na njia rahisi ya kukipata huwashangaza watu: nyeusi kidogo ndani ya njano ya kadmiamu. Nyeusi ya wasanii ina ubluu uliojificha, na ikikutana na njano hutoa kijani cha zeituni. Kwa upande wa mwanga tuliongeza njano na chembe ya nyeupe; kwa sehemu zenye ukijani wa baridi tukatia bluu ya altramarini; kwa kivuli, kahawia nyekundu iitwayo siena iliyochomwa, maana wekundu hukituliza kijani bila kukifanya kiwe cheusi. Mabaka ya njano na makovu ya kahawia yakaja mwisho. Mng'aro haukuwa doa moja tena: ngozi ya chungwa ina vitundu, na mwanga juu yake huvunjika ukawa vipande visivyolingana. Kwenye kila chungwa ulikaa mahali pake, kulingana na lilivyokaa mbele ya taa.

Hila hiyohiyo ya nyeusi na njano ndiyo iliyoziua ndizi kwenye picha ya kwanza. Alitaka kivuli cha njano, akatia nyeusi kama anavyofanya kila mtu, na ndizi zikaota kuvu. Kivuli cha ndizi mbivu kinataka oka ya njano na amba, na chembe ya zambarau iliyochanganywa kutoka altramarini na nyekundu ya alizarini. Zambarau huipunguzia njano makali yake bila kuigeuza kijani. Alichanganya, akaona, akaipaka ndizi ya mbele kwa uhodari.

Suala la usuli tulibishana. Yeye alitaka bluu ya anga, kwa kuwa picha isiyo na usuli unaong'aa anaiona haijakamilika. Mimi nilikuwa nikifikiria Mhispania Francisco de Zurbarán, ambaye mwaka 1633 alipanga matunda ya njano ya jamii ya limau, kikapu cha machungwa na kikombe cha maji mbele ya giza tupu, na matunda yakatoka mbele kama yameitwa. Lakini giza tupu kwenye ukuta wa mgahawa wa Dar es Salaam ni zito. Tukakubaliana kijivu-kahawia, chenye giza zaidi kushoto, nyuma ya upande wa matunda unaopigwa na taa, na chepesi zaidi kulia, nyuma ya upande wa kivuli. Kwa mpango huo tunda linatengwa na usuli bila mstari wowote.

Ganda linaloning'inia

Waholanzi wa karne ya 17, wakiwemo Willem Claesz. Heda na Willem Kalf, walipenda kuweka mezani limau lililomenywa nusu, ganda lake limejikunja na kuning'inia. Kitu hicho kimoja kinampa mchoraji nafasi ya kuonyesha ngozi yenye vitundu, utando mkavu na nyama yenye maji. Kijana wetu alikuwa hajawahi kuziona picha hizo. Ganda lake alilitoa kwa mchuuzi wa machungwa, na lilikuwa wazo bora kuliko yote kwenye picha ya kwanza, ingawa alilichora kama utepe bapa wa rangi moja.

Ganda lina pande mbili na unene. Kila linapojizungusha linaonyesha kijani, kisha weupe wa ndani, kisha kijani tena, na kila mzunguko unapokea mwanga kwa pembe yake. Unene unaonekana ukingoni tu, kama uzi wa weupe, na ndio unaolifanya lisiwe utepe. Zaidi ya hayo, halingoji. Kwa joto la Dar es Salaam utando mweupe unaanza kukauka na kupata umanjano ndani ya saa chache, na ganda lenyewe linajikunja likabadili sura. Kwa hiyo chungwa lililomenywa na ganda lake vilichorwa kwa kikao kimoja, rangi mbichi juu ya rangi mbichi, vitu vingine vyote vikiwa vimesimama. Machungwa mazima na ndizi vingeweza kusubiri au kununuliwa vingine.

Kazi hii aliifanya vizuri kuliko ambavyo ningeifanya mimi. Ganda ni mstari unaotembea, na kwa mistari inayotembea mchoraji wa Tingatinga hana wa kumfundisha. Alilishusha kutoka ukingoni mwa meza kwa mapigo machache ya brashi, bila kurudia, na uzi wa unene akauweka mwishoni kwa pumzi moja. Tangu hapo niliacha kuzungumza kana kwamba alichokuja nacho ni mzigo mtupu.

Kingo za vitu vingine zilihitaji ushawishi. Upande wa kivuli wa chungwa la nyuma na kivuli chake juu ya kitambaa vina toni karibu moja. Ukifinya macho huoni mpaka. Nilimtaka auache mpaka huo upotee, avute brashi kavu katikati ya hizo rangi mbili zingali mbichi. Alikataa, kisha akafanya kwa nusu moyo, kisha akarudi nyuma hatua kadhaa na kunyamaza. Chungwa lilikuwa limekaa chini. Akaenda mwenyewe kupoteza kingo mbili nyingine nisizomwambia, moja kati yake haikupaswa kupotezwa, nikamrudishia.

Mafuta na subira

Siku moja nilimkuta na kopo la rangi ya kung'aa ya milangoni, anataka kuupaka nalo ukingo wa bluu wa sahani ili ukauke upesi. Nilimzuia. Rangi za tyubu zimesagwa na mafuta, mara nyingi ya kitani, na mafuta hayo hayakauki kwa kuyeyuka hewani. Yanavuta oksijeni na kugeuka utando mgumu polepole. Tabaka linalokauka upesi likiwekwa juu ya tabaka ambalo bado linajongea, litapasuka. Ndiyo maana tabaka la chini hutiwa tapentaini na la juu huongezewa mafuta, kamwe si kinyume chake. Kwa mtu aliyezoea kumaliza tembo na kumuuza mara moja, hili lilikuwa gumu kuliko toni.

Na kuna vitambaa vya kufutia. Mafuta ya kitani yanapovuta oksijeni hutoa joto, na vitambaa vilivyolowana mafuta hayo, vikikunjwa pamoja na kutupwa kwenye ndoo, vinaweza kushika moto vyenyewe bila cheche. Alikuwa akivirundika chini ya meza. Sasa anavianika nje kimoja kimoja, au anavizamisha kwenye maji kabla ya kuvitupa. Hili nalitaja kwa kila anayeanza, hata akiwa hataki kusikia jingine lolote.

Mwenye mgahawa aliichukua picha ya pili. Aliuliza kuhusu kovu moja kwenye chungwa la kushoto, kama haliwezi kuondolewa. Kijana akamjibu kwa heshima kwamba limo kwenye tunda, na yakaisha.

Mimi naiona ndizi ya nyuma. Iko upande wa kivuli, mbali na taa, na ilipaswa kulegea na kuingia kwenye usuli. Kijana aliichora mwisho, akiwa na haraka, na ukiitazama kwa makini utakuta ameizungushia mstari mwembamba wa kahawia kutoka kikonyoni hadi nchani. Nilimshauri aikwangue kwa kisu cha rangi ingali mbichi na kuipaka upya. Alisema mteja ameshalipa nusu na anataka kufungua ukumbi. Picha ikaenda hivyo hivyo, bila vanishi, kwa makubaliano kwamba itashushwa ukutani baada ya miezi 6, mafuta yakishakomaa, ili ipakwe vanishi. Na ndizi kwa wakati huo itakuwa imeshakauka, haibadiliki tena ila kwa kuchorwa juu yake.